Siku Kumi na Tisa za Akaunti Iliyofungwa

Jumatatu ya tarehe 30 Oktoba 2023, saa mbili kasorobo asubuhi, simu yangu iliita nikiwa nyumbani Chuno, Mtwara mjini, chai ikiwa bado jikoni. Aliyepiga alikuwa karani wa AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, wilayani Tandahimba, mtu ambaye hajawahi kuniambia jambo lolote kabla ya kuuliza habari za watoto, za mama na za mvua. Siku hiyo hakuuliza. "Dada, kishikwambi kimenitoa. Watu wamejaa hapa, na gunia liko juu ya mzani. Niandike wapi?" Nilimwambia akizime na kukiwasha, kama tunavyowaambia wote. Akazima, akawasha, kisha akanisomea maandishi ya Kiingereza yaliyojitokeza, neno moja moja, na maana yake ilikuwa kwamba akaunti inayomiliki programu ile imesimamishwa kwa kukiuka masharti ya matumizi. Kabla sijamjibu, simu nyingine ilikuwa inaingia kutoka Newala.

Kwa siku 19 zilizofuata tulikaa nje ya biashara yetu wenyewe, ya programu ya kuandikia kilo za korosho za wakulima, kama mpangaji aliyebadilishiwa kufuli na mwenye nyumba asiyemfahamu kwa sura wala kwa jina. Nasimulia yaliyotokea kwa ajili ya vijana wanaoanzisha kampuni changa huku kusini, ambao wengi wao wananijia kuomba ushauri wa mtaji, na ninapowauliza akaunti yao kuu iko kwa jina la nani na imefungwa kwa laini ipi ya simu, wananitazama kama niliyeuliza swali la kipuuzi.

Mimi ni mtoto wa karani wa ushirika. Nimekua kati ya madaftari ya kaunta na karatasi za kaboni, na malalamiko ya wakulima wa korosho niliyajua kabla sijajua kusoma. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hauzi pale mzanini, bali anakabidhi korosho ghafi kwenye AMCOS yake, mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unaingizwa mnadani, na baada ya makato yote yaliyomo katika mjengeko wa bei, fedha zinaingia kwenye akaunti yake ya benki. Kati ya mzani na malipo zinapita wiki kadhaa, na katika wiki hizo mkulima hajui kilo zake zimefika wapi, zimeuzwa bei gani, wala atakatwa nini. Kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa siri nje ya mfumo huo, anaishi humo humo. Mtu mwenye ada ya mtoto ya kulipa, asiyejua fedha zake zitaingia lini, ndiye anayemfungulia mlanguzi mlango usiku na kumpimia korosho kwa bei ya kutupa.

Mwaka 2021, mimi na wenzangu wawili tulitengeneza programu ndogo ya kuziba pengo hilo. Karani anapima, anaingiza kilo na daraja, na papo hapo mkulima anapokea ujumbe wa kawaida kwenye kitochi chake. Mnada ukipita, anapokea ujumbe mwingine wenye bei, makato na kiasi anachotarajia. Mtaji ulikuwa shilingi 6,400,000, sehemu yake ikitokana na ufuta niliouza Lindi na sehemu ikitokana na kiwanja cha mama, ambacho mpaka leo hanisemi ila hajakisahau. Msimu wa 2022/2023 tulikuwa na AMCOS 9. Msimu uliofuata zilifika 14, kila moja ikilipa shilingi 900,000 kwa msimu, nasi tukaanza kujiita kampuni bila ya kucheka.

Hiyo kampuni kubwa ya ng'ambo iliyotufungia sitaitaja. Nitaiita Kampuni. Mazungumzo yangu nayo yalikuwa na mtambo tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na kumshitaki mtambo hadharani hakumsaidii msomaji. Tena, yaliyonipata mimi yangeweza kunipata kwa mwingine yeyote kati ya wale wakubwa wachache wanaoshika sehemu kubwa ya huduma za intaneti duniani. Makosa ninayotaka yaonekane ni ya kwangu.

Utegemezi haukuingia kwa mlango mkubwa. Kwanza Kampuni ilitupa salio la bure la dola 2,000, kama wakubwa hao wanavyowapa waanzilishi wengi, nasi tukaweka kwake kanzidata yetu, yaani hazina ya kumbukumbu zote za programu. Kwa kuwa kanzidata ilikuwa huko, ilionekana ni busara makarani waingie kwa akaunti za Kampuni hiyo hiyo, ili tusihangaike kutunza nywila za watu. Barua pepe za ofisi zikafuata. Majedwali ya ripoti za vyama yakafuata. Jina la tovuti yetu tulilisajili kwa msajili mwingine, lakini kwa kutumia barua pepe ile ile. Na nakala za akiba, ambazo nilikuwa nikiwatajia wenyeviti wa AMCOS kwa fahari kwamba zinachukuliwa kila usiku, zilikuwa zikichukuliwa kweli, na kuwekwa katika chumba cha pili cha nyumba ile ile. Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri siku ulipofanywa. Hakuna kikao hata kimoja tulichokaa tukaulizana: je, Kampuni ikituacha leo, kesho asubuhi tutabaki na nini mkononi?

Jambo linaloniuma ni kwamba swali hilo nilikuwa nikilisikia kila msimu, ila likiulizwa juu ya korosho. Korosho ghafi zetu kwa miaka mingi zimekwenda zaidi India, na baadaye Vietnam pia, na sehemu ndogo tu inabanguliwa hapa nchini. Mzee yeyote wa Tandahimba anaweza kukueleza maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja bila ya kutumia hata neno moja la uchumi. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, na mwezi uliofuata serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likiwa ndilo msafirishaji. Nilikuwapo, nikayaona malori ya jeshi yakipita. Miaka mitatu baadaye nikamkabidhi mtu mmoja kila kitu changu.

Tulipewa na dalili pia. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa 6. Sisi hatukuathirika, kwa kuwa tulikuwa tunatuma ujumbe wa kawaida wa simu, na nakumbuka tulivyokaa barazani tukiwacheka wafanyabiashara ambao duka lao lote lilikuwa ndani ya kundi la WhatsApp.

Sasa chanzo. Kampuni haikunieleza sababu, lakini nimezipanga tarehe mara nyingi, na kisio langu ni hili. Salio la bure liliisha Machi 2023, na ankara ikaanza kuja kwa dola, kati ya dola 85 na 140 kwa mwezi. Mwaka ule, kama mfanyabiashara yeyote anavyokumbuka, dola ziliadimika nchini. Shilingi ilikwenda kwenye 2,500 kwa dola moja, na malipo ya nje kwa kadi yakaanza kusumbua. Mwezi Septemba kadi yangu ilikataliwa. Nikajaribu ya mwenzangu, ikakataliwa. Nikajaribu ya kaka yangu, ikakubali, lakini jina lake halikuwa jina la akaunti wala anwani yake haikuwa ya Mtwara. Kadi tatu za watu watatu katika jioni moja. Mimi nilijiona mtu mwaminifu anayehangaika kulipa deni. Mtambo, nadhani, ulimwona mwizi anayejaribu kadi za wizi. Ankara ya Oktoba nayo ilipojaribiwa ikagonga mwamba, na ndipo tukafungiwa.

Siku ya kwanza nilijaza fomu ya rufaa. Jibu lilikuja baada ya dakika 4, nami nikafurahi kwa jinsi lilivyokuja upesi, mpaka nilipotambua kwamba hakuna binadamu anayesoma maelezo ya kurasa mbili kwa dakika 4. Lilisema maombi yangu yamepitiwa na uamuzi haubadiliki. Nikajaza tena. Safari hii Kampuni ilitaka kuthibitisha kwamba mimi ndiye mwenye akaunti, kwa kutuma namba ya siri kwenye laini iliyosajiliwa. Laini hiyo ilikuwa ya kijana tuliyeanza naye, aliyetuacha mwaka 2022 akaenda kuajiriwa Dodoma. Nikampigia kwa namba yake mpya. Akasema ile ya zamani aliiacha bila ya kuitumia muda mrefu, na alipoipiga siku moja kwa udadisi, ikapokewa na mwanamke mwingine.

Niliipiga mimi pia. Alikuwa mama mmoja wa Kigoma, mpole, aliyesikiliza hadithi yangu yote kuhusu korosho, mizani na akaunti. Nilipofika mahali pa kumwomba anisomee tarakimu sita zitakazoingia kwenye simu yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hata kama unasema kweli, siwezi." Akakata. Nilikasirika kwa saa moja hivi. Baadaye nilikiri kwamba alikuwa na haki kabisa, kwa sababu sote tumefundishwa usiku na mchana tusimtajie mtu namba tuliyotumiwa, na mimi nilikuwa nikitaka akiuke somo hilo kwa faida ya mtu asiyemjua.

Siku ya pili nilinunua sokoni madaftari 30 ya kaunta na boksi mbili za karatasi za kaboni, nikakodi gari kwenda Tandahimba. Lami wakati ule iliishia Mnivata. Kuanzia pale ni vumbi, na unapofika nguo yako imekwisha badilika rangi. Mwenyekiti wa AMCOS ile, mzee aliyemjua baba yangu, alinipokea nje ya ghala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Keti kwanza, upoe." Akaniacha ninywe maji. "Sasa nieleze. Huyo mwenye mtambo yuko wapi, twende tukamwone?"

"Yuko Marekani, mzee."

"Hana wakala hapa Mtwara?"

"Hana."

"Dar es Salaam je?"

Nilisema sijui mtu wa kumwona huko. Akatikisa kichwa taratibu, bila ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Mwanangu, sisi humu hata mnunuzi wa mabibo tunajua kwake ni wapi." Kisha akamwita mtunza ghala, wakafungua kabati la nyuma, na ndani yake kulikuwa na madaftari ya zamani ya chama, yamepangwa, mengine matupu kabisa. Hawakuwa wameyatupa. Tangu siku tulipowaletea vishikwambi, walikuwa wakisubiri siku hiyo.

Kupima kukaendelea kwa kalamu. Tatizo kubwa lilikuwa la nyuma: kilo zilizopokelewa kabla ya tarehe 30 ambazo zilikuwa hazijalipwa. Stakabadhi za mzigo mzima za ghala kuu zilikuwapo, lakini mgawanyo, yaani nani ameleta kilo ngapi ndani ya mzigo ule, ulikuwa kwetu, na kwetu kulikuwa kwa Kampuni. Siku ya tatu maneno yakaanza kuenea kwamba kilo zimeliwa. Kwa mtu wa kusini neno hilo si la mzaha. Kuna viongozi wa vyama waliofukuzwa kwa pungufu la kilo dogo kuliko hilo. Mkutano uliitishwa chini ya mwembe, nikasimama mbele ya watu wapatao 200 nikijaribu kueleza kanzidata ni kitu gani.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekaa mbele, mwenye kitochi kilichofungwa kwa mpira kisifunguke. Alinyanyua mkono, akasema yeye hahitaji maelezo ya mtambo kwa kuwa kilo zake anazo. Akamkabidhi mjukuu wake simu asome. Ujumbe nne, wa siku nne, kila mmoja na tarehe, kilo, daraja na namba ya mzigo: jumla kilo 412. Hakuwahi kufuta hata mmoja, kwa sababu, alisema, ndiyo risiti yake. Nilihisi magoti yakilegea. Nakala pekee ya kumbukumbu zetu iliyokuwa nje ya mikono ya Kampuni ilikuwa imesambaa katika vitochi vya wakulima wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeipanga iwe hivyo.

Tuliajiri vijana 6 kwa shilingi 15,000 kwa siku, wakazunguka kwenye AMCOS zote 14 kwa siku 12. Walikaa na madaftari chini ya mikorosho, watu wakipanga foleni na simu zao, ujumbe mmoja baada ya mwingine ukinakiliwa na mwenye simu akiweka sahihi au dole gumba. Wengine walikuwa wamefuta, kwa kuwa simu hizo zikijaa hazipokei ujumbe mpya. Wengine simu ilikuwa ya mtoto aliyekwenda shule. Kwa kulinganisha majumla na stakabadhi za ghala kuu, tuliziba mapengo mengi. Yaliyobaki yaliamuliwa na vikao vya vyama, kwa kiapo na kwa ushahidi wa jirani aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Vijana walitugharimu shilingi 1,080,000, madaftari na usafiri 740,000. AMCOS 5 zilijitoa, nasi tukawarudishia nusu ya ada, jumla 2,250,000. Ukijumlisha ni shilingi 4,070,000, ambayo haikaribii gharama ya jina kuharibika, lakini nimeiandika kwa sababu watu wengi husimulia maumivu na kuficha hesabu.

Akaunti ilifunguliwa Ijumaa ya tarehe 17 Novemba. Si kwa fomu. Fomu nilijaza mara 11. Ilifunguliwa kwa sababu rafiki wa mwenzangu, aliyekuwa katika kituo kimoja cha wabunifu Dar es Salaam, alimjua mtu aliyemjua mfanyakazi wa Kampuni, na mfanyakazi huyo akapeleka jambo letu ndani. Asubuhi nikaamka nikakuta kila kitu kimerudi mahali pake kana kwamba hapakutokea kitu. Hapakuwa na maelezo wala pole. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa simulizi nyingi za namna hii huishia kwa kumsifu msimuliaji kwa uvumilivu. Mimi niliokolewa na kujuana, na mwenye kipaji kunizidi asiye na rafiki Dar es Salaam angekuwa amefilisika.

Usiku wa siku hizo 19, kwa kuwa usingizi haukuja, nilisoma habari za waliotangulia. Niligundua kwamba shida yetu ni ya zamani, na ina sura zaidi ya moja. Kuna anayeumia kwa bei: mpaka katikati ya mwaka 2018 mtu aliweza kuweka ramani za Google kwenye tovuti yake na kufunguliwa hadi mara 25,000 kwa siku bila ya kulipa, kisha Julai mwaka huo ukaja utaratibu wa dola 7 kwa kila mara 1,000 baada ya salio la dola 200 kwa mwezi. Kuna anayeumia kwa bei na muda kwa pamoja: mwaka 2023 mtandao wa kijamii wa Reddit ulipoanza kuzitoza programu za watu wengine zinazochota data yake, mtengenezaji wa programu iitwayo Apollo alikadiria kwamba angedaiwa takriban dola milioni 20 kwa mwaka, akaifunga tarehe 30 Juni, mwezi mmoja hivi baada ya kuzijua bei. Na utegemezi haumwachi hata mkubwa. Facebook ilipokuwa ikijiandaa kuuza hisa mwaka 2012, ilieleza kwamba asilimia 12 ya mapato yake ya 2011 ilitokana na kampuni ya michezo ya Zynga; nayo Zynga ilikuwa ikipata karibu mapato yake yote kwa wachezaji waliopitia Facebook. Hata hapo, aliyeweza kubadili masharti alikuwa mmoja tu.

Mfano uliokaa moyoni mwangu zaidi ni wa Parse, huduma ya kuhifadhi data za programu za simu ambayo Facebook iliinunua mwaka 2013. Januari 2016 ilitangazwa kwamba itafungwa, na ilifungwa kweli Januari 2017. Lakini wateja walipewa mwaka mzima, na programu yenyewe ikatolewa bure ili mwenye kutaka aiendeshe kwenye seva zake. Huo naona ndio mlango wa haki ambao mteja mdogo anaweza kuuomba: asiambiwe kwamba hatafungiwa kamwe, bali aambiwe mapema na aruhusiwe kutoka na mizigo yake. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuingia kwenye huduma yoyote, natafuta kwanza mlango wa kutokea. Naweka data ya majaribio, kisha najaribu kuitoa yote na kuifungua mahali pengine. Ikinichukua zaidi ya siku moja, siingii.

Mengine tuliyobadilisha ni ya kawaida mno hivi kwamba naona aibu kuyaandika. Akaunti kuu ina wasimamizi watatu, na laini ya kurejeshea imesajiliwa kwa jina la kampuni, inawekwa vocha kila mwezi, na simu yake inalala kwenye droo ya ofisi. Jina la tovuti liko kwa barua pepe isiyohusiana na Kampuni kwa namna yoyote. Makarani wanaingia kwa namba zao za simu na namba ya siri tunayotoa wenyewe. Kanzidata ni ya aina ya wazi, inayoweza kuhamishiwa kwa mtoa huduma mwingine, na nakala yake inakwenda kila usiku kwa mtoa huduma wa Dar es Salaam na kwenye diski moja hapa Mtwara. Vishikwambi vinaandika bila ya intaneti na kupeleka data mtandao ukipatikana. Badiliko hili la mwisho lilipimwa mapema kuliko tulivyotaka: Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na intaneti ikasuasua nchi nzima, tukiwa tunawafundisha makarani wa Lindi kwa ajili ya ufuta. Mafunzo yaliendelea.

Upande wa fedha, tunapanga bei yetu kana kwamba hakuna salio la bure, na tunalipa ankara za miezi mitatu mbele kila dola zinapopatikana. Upande wa mikataba, kile kifungu tulichokuwa tukijigamba nacho, cha kuwahakikishia AMCOS huduma muda wote, tumekifuta, na badala yake tumeandika kwamba mtambo ukisimama karani anarudi kwenye daftari ndani ya saa moja, na gharama ya daftari ni yetu. Mwanasheria aliyetusaidia ndiye aliyenifungua macho kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba data ikiwa kwa Kampuni, mzigo wa kuilinda nao ni wa Kampuni. Sivyo. Niliyekusanya majina, simu na kilo za mkulima ni mimi, na mimi ndiye wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kujibu, hata kama seva iko bara jingine.

Watu huniuliza kwa nini basi tusiihame Kampuni moja kwa moja. Wanaouliza hivyo kwa kawaida hawajawahi kuendesha seva kwenye chumba chenye joto la Mtwara huku umeme ukikatika mara mbili kwa siku. Bado tunaitumia, kwa yale inayoyafanya vizuri na ambayo yakikosekana hatufi. Hata ujumbe wa simu tunategemea wakala na mitandao ya simu, na shilingi 20 hivi kwa kila ujumbe tunazilipa bila ya kuwa na sauti katika bei. Ila wakala huyo ana ofisi, ina mlango na kiti cha wageni. Mwaka jana ujumbe wetu ulipokwama, mwenzangu alipanda basi, akakaa kwenye kiti kile tangu saa tatu mpaka saa nane, na ujumbe ukatoka.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kabla korosho hazijaanza kuokotwa kwa wingi, tunaizima akaunti ya Kampuni kwa makusudi saa mbili asubuhi na kuwapigia makarani wote waendelee na kazi. Mara ya kwanza, mwaka 2024, kurudisha kanzidata kutoka kwenye diski kulituchukua saa 5 na dakika 20, na tukagundua kwamba karani mmoja wa Newala alikuwa amefungia madaftari ya akiba kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa mke wake, shambani. Mwaka uliofuata tulitumia saa moja na dakika 50. Mzee mwenyekiti wa Tandahimba alikuja kutazama, akauliza kwa nini tunakizima kitu kizima, akajibiwa, kisha akaomba kiti.